Gitaa la mapajani: sauti iliyofika Ukambani bila chombo chake

Leo naomba tuweke kompyuta kando. Si kando sana, maana kisa chenyewe kinafanana na kazi inayonilipa mshahara. Kuna siku unapewa programu ambayo msimbo wake huuoni. Unaona tu kinachoingia na kinachotoka, halafu bosi anakwambia utengeneze nyingine inayofanya vilevile. Nadhani masikio ya Afrika Mashariki yalilipokea gitaa la mapajani namna hiyohiyo, kupitia santuri na redio, miaka mingi kabla ya watu wengi kuona linavyoshikwa.

Sauti yenyewe unaijua hata kama hujui jina lake. Ni ile ya gitaa linalolia kama mtu. Noti hairuki kwenda kwa nyingine, inateleza. Nyimbo za kantri za Kimarekani, ambazo wazee wetu wa Kitui na Makueni wanazipenda kana kwamba zilitungwa Mwingi, zimejaa sauti hiyo. Mpigaji halikumbatii gitaa. Ameketi, amelilaza mapajani uso ukitazama juu, na mkono wa kushoto haubonyezi kitu. Umeshika kipande cha chuma kinachopita juu ya nyuzi bila kuzishindilia kwenye freti. Kulia anadonoa kama kawaida.

Ilianzia wapi? Hawaii, na hilo halina ubishi mkubwa. Magitaa yalifika visiwa hivyo miaka ya 1830 pamoja na wachunga ng'ombe walioletwa kutoka Mexico. Wenyeji wakayachukua, wakalegeza baadhi ya nyuzi mpaka gitaa likipigwa wazi, bila kubonyeza chochote, litoe kodi kamili. (Kodi ya muziki, jamani, si ile ya serikali.) Hilo la kulegeza nyuzi likumbuke, tutalihitaji mbele.

Kisha akaja Joseph Kekuku, aliyezaliwa mwaka 1874 katika kijiji cha Laie, kisiwa cha Oahu. Simulizi inayojulikana zaidi ni kwamba mnamo 1885, akiwa na miaka 11, alikuwa akitembea kando ya reli na gitaa lake, akaokota bolti, ikagusa uzi. Akapenda alichosikia. Akajaribu kisu, akajaribu mgongo wa kitana, na alipokuwa mwanafunzi wa Shule ya Wavulana ya Kamehameha akajichongea chuma laini katika karakana ya shule. Wapo wanaowataja watu wengine wa kipindi hichohicho, mmoja akiwa Gabriel Davion, kijana aliyezaliwa India na kupelekwa Honolulu kwa meli. Mimi wazo la watu wawili watatu kugundua kitu kimoja kwa wakati mmoja halinishangazi hata kidogo. Kwetu wanaoandika programu hutokea kila wiki.

Hiyo bolti ya reli nayo inanichekesha. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, na katikati ikaikata nchi ambayo leo ni Kaunti ya Makueni: Kibwezi, Makindu, Emali, Sultan Hamud. Kwa hiyo kabla karne haijaisha bolti zilijaa Makueni. Kilichokosekana ni gitaa.

Kekuku aliondoka Hawaii mwaka 1904 kwenda bara la Marekani kupiga na kufundisha. Mwaka 1912 tamthilia ya The Bird of Paradise ikaonyeshwa Broadway ikiwa na wapigaji wa Kihawaii. Mwaka 1915 maonyesho makubwa ya San Francisco yakawaleta Wahawaii wengine mbele ya mamilioni ya watu, na mwaka uliofuata santuri za Kihawaii zilikuwa miongoni mwa zilizouzwa sana nchini humo. Kekuku mwenyewe alizunguka Ulaya kwa miaka, akafariki New Jersey mwaka 1932. Mafundi nao hawakulala. Hermann Weissenborn wa Los Angeles alitengeneza magitaa ya mapajani yenye shingo iliyo wazi ndani, na mwaka 1927 kampuni ya National ikaanza kuuza gitaa la chuma lililobuniwa na John Dopyera, lenye sahani za aluminiamu tumboni ili lisikike ukumbini.

Sasa tuje kwetu, na njia ya kwanza ni santuri. Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri kutoka Mississippi, alirekodi mwaka 1928 akisindikizwa na gitaa la chuma la Ellsworth Cozzens, mwaka 1929 akiwa na Joe Kaipo, na mwaka 1930 akiwa na kundi la Lani McIntire. Kaipo na McIntire walikuwa Wahawaii. Rodgers alikufa kwa kifua kikuu Mei 1933, lakini santuri zake zilivuka bahari. Zilifika mpaka nchi ya Wakipsigis, ambako jina lake liligeuka kuwa Chemirocha. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi huko Kapkatet, Kericho, nyimbo zenye jina hilo, na ile iliyopata umaarufu zaidi ni ya wasichana wakiongozwa na Chemutoi Ketienya. Humo Chemirocha ni kiumbe, nusu mtu nusu swala, anayealikwa acheze.

Watu hulisimulia hilo kama kichekesho. Mimi naliona ni jibu la busara. Una sanduku la mbao lenye bomba, mkono wa kuzungusha, na sauti ya mtu inayopaa ghafla kama ya mnyama. Picha hakuna. Utaamua nini? Na sikiliza wanachopiga wasichana wale: kinubi chao cha nyumbani. Sauti ya mgeni waliichukua, chombo cha mgeni hakikuwapo, wakaijengea makao kwa walichokuwa nacho. Hata sisi tukipewa faili bila maelezo hufanya hivyo.

Njia ya pili ilikuwa vita. Wakamba walikuwa miongoni mwa watu waliotoa askari wengi zaidi katika King's African Rifles, na mwaka 1944 vikosi vya Afrika Mashariki vilikuwa Burma vikipigana na Wajapani, vikipitia Ceylon na India. Jeshi lilikuwa hata na kitengo chake cha burudani, na Fundi Konde, mwana wa Pwani ambaye baadaye alikuja kuwa baba wa gitaa la Kenya kwa wengi wetu, alitumikia humo. Huko India muziki wa Kihawaii ulikuwa umepamba moto. Tau Moe, mpigaji kutoka Hawaii, aliishi Calcutta na familia yake sehemu kubwa ya miaka ya 1940. Uingereza nako bendi ya Felix Mendelssohn ilikuwa ikipiga Kihawaii redioni na kwenye santuri kipindi chote cha vita. Askari wa Kitui aliyekaa kambini na redio ya wakubwa wake ikiwa dirisha la pili hakuwa mbali na sauti hii.

India yenyewe haikuiacha. Ililikumbatia gitaa la mapajani mpaka likawa lao. Van Shipley alipiga nyimbo za filamu kwa gitaa la Hawaii la umeme, Brij Bhushan Kabra akaliingiza katika muziki wa kiasili wa Kihindi, na Vishwa Mohan Bhatt akaliongezea nyuzi, akaliita mohan veena, na akashinda Grammy mwaka 1994 pamoja na Ry Cooder. Nani kati yetu aliyekulia mji wenye duka la Mhindi au sinema ya Kihindi hakuisikia sauti hii ikitoka nyuma ya mlango, akadhani ni fidla?

Njia ya tatu, na kwangu ndiyo tamu kuliko zote, ni Congo. Léopoldville mwanzoni mwa miaka ya 1950 kulikuwa na Zacharie Elenga, aliyerekodi katika studio ya Opika na kuitwa Jhimmy wa Kihawaii. Lile jina halikuwa la mapambo. Sauti ya Hawaii ilikuwa ndiyo fasheni, na Jhimmy alikuwa akichezea mpangilio wa nyuzi ili apate mng'aro ambao gitaa la kawaida halina. Wakongo wakaendelea na ule mchezo wa nyuzi: wanaondoa uzi wa nne, wanaweka mwembamba unaolia oktavo moja juu, na gitaa linabadilika tabia kabisa. Wanaliita mi-composé. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1960, Docteur Nico Kasanda na African Fiesta Sukisa walitoa nyimbo ambazo ndani yake analipiga gitaa la Hawaii lenyewe, lile la kutelezesha chuma. Nyimbo za Congo zilikuwa zikipigwa Kenya asubuhi, mchana na usiku. Kwa hiyo sauti iliingia kila boma lenye redio, mpigaji akiwa Kinshasa.

Kusini mwetu hadithi ilikwenda tofauti. Malawi na majirani zake neno lenyewe lilitiwa lugha ya nyumbani, likawa hauyani. Wapigaji wa mitaani, Daniel Kachamba akiwa mmojawao, walilegeza nyuzi, wakachukua chupa, wakatelezesha. Gerhard Kubik aliwarekodi na kuandika habari zao. Kubik anakumbusha pia kwamba huko Afrika ya kati watoto walikuwa na zeze la uzi mmoja wakitelezesha kitu kigumu juu yake, kwa hiyo chupa juu ya gitaa haikukuta mikono mitupu.

Na Kenya? Kenya chupa ilifika karibu sana na gitaa, lakini kwa kazi nyingine. Katika omutibo ya Waluhya, ile ya George Mukabi na baadaye Abana ba Nasery, chupa ya Fanta yenye mikunjo ilikwaruzwa kwa kijiti kutunza mdundo. Chupa ikawa ngoma. Ukambani, bendi zilizorekodi kuanzia miaka ya 1970, kama vile Kilimambogo Brothers ya Kakai Kilonzo aliyefariki mwaka 1987, Kyanganga Boys ya Peter Mwambi, na Kalambya Boys walioshirikiana na Kalambya Sisters wa ule wimbo Katelina, zilijengwa juu ya magitaa yanayobonyezwa freti na kukimbizana. Gitaa moja linauliza, la pili linajibu kabla swali halijaisha, besi inasukuma na ngoma ya mguu haipumziki. Ukiingiza hapo chuma kinachoteleza taratibu utakuwa umemwingiza mzee mwenye mkongojo katikati ya mbio za kupokezana vijiti.

Hiyo ni sababu moja. Ya pili naiona nzito zaidi, nayo ni ya mfuko. Gitaa likishageuzwa la mapajani, nyuzi zake zimenyanyuliwa juu kiasi kwamba hakuna kidole kinachoweza kuzibonyeza. Haliwi tena gitaa la kawaida. Marekani miaka ya 1920 hilo halikuwa tatizo, mtu ananunua la pili. Lakini kundi la vijana wa kijijini lililochangishana likapata gitaa moja haliwezi kulitoa sadaka kwa ajili ya sauti moja. Katika kazi yetu tungesema ni badiliko lisilokuwa na njia ya kurudi kwenye toleo la awali, na hakuna mwenye akili anayelifanya kwenye mashine pekee aliyo nayo.

Ajabu ni kwamba njia ya kurudi ilikuwapo zamani. Tangu enzi za Kihawaii Marekani maduka yaliuza kipande cha chuma kinachovishwa juu ya kile kidaraja cha plastiki kilicho mwisho wa shingo, karibu na kichwa cha gitaa. Unalegeza nyuzi, unakivisha, unakaza, nyuzi zimepanda. Ukichoka unakivua. Kitu cha bei ya soda chache! Sauti ilivuka bahari mara tatu nne, hicho kipande kikabaki ng'ambo.

Nilianza kuyafuatilia haya kwa sababu ya mjomba wangu. Yeye ni mtu wa Kitui, na miaka ya 1980 alipiga gitaa la pili katika kundi la benga ambalo halikufika mbali zaidi ya harusi na mikutano ya soko. Halafu panga likamkata mkono wa kushoto akifyeka shamba, kano za kidole cha pete na kidole kidogo zikaenda. Vidonda vilipona, vidole havikukunjika tena. Vimenyooka tu. Mpigaji wa benga bila vidole hivyo viwili ni kama dereva bila gia ya pili na ya tatu. Gitaa aliliuza. Alipokuwa akija kwetu Makueni na nyimbo zikipigwa redioni, mkono wa kulia ulikuwa ukidonoa juu ya goti, wa kushoto umetulia. Miaka zaidi ya ishirini nilikuwa nikiutazama ule mkono wa kulia.

Sasa angalia chuma cha mapajani kinavyoshikwa. Kinabanwa na gumba, kidole cha shahada na cha kati. Kidole cha pete na kidogo haviruhusiwi kujikunja. Vinatakiwa vilale vimenyooka juu ya nyuzi nyuma ya chuma, vikiburutwa, ili kuzima mlio wa upande usiotakiwa. Bila hivyo gitaa linapiga kelele kama banda la mabati kwenye upepo. Wanafunzi wanaoanza husumbuka wiki nyingi kuvifunza vidole hivyo viwili kunyooka na kutulia. Vya mjomba vilikuwa tayari.

Basi, kazi yenyewe. Nilinunua gitaa la bei nafuu, la mitumba, lenye nyuzi za chuma. Sharti liwe la nyuzi za chuma. La nyuzi za nailoni halitoi mlio wa maana chini ya chuma, na ukilitia nyuzi za chuma kwa nguvu shingo na daraja lake havikujengewa mzigo huo. Gitaa la chuma la kawaida linabeba mvuto wa takriban kilo 70, kama mtu mzima anayening'inia.

Kidaraja sikuagiza ng'ambo. Ukitoka Machakos kwenda Kitui unapita Wamunyu, chimbuko la uchongaji wa Wakamba, ufundi ambao Mutisya Munge aliurudisha kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa wachongaji kipande cha mpingo kilichobaki ni takataka. Kwa gitaa ni dhahabu, maana ni mti mgumu na mzito ambao viwanda vya Ulaya hutengenezea klarineti, na uzi wa chuma hauulimi haraka. Fundi mmoja alinikatia kijiti cha urefu wa milimita 50, nikakichimba mfereji chini ili kikae juu ya kidaraja cha zamani kama kofia. Hakuna gundi. Nyuzi zenyewe zinakibana. Kutoka freti hadi uzi ilikuwa milimita 2 hivi, ikawa 9.

Kuna mambo matatu ambayo maelezo mengi huyapita haraka.

Kwanza, uso wa mbele wa kidaraja kipya lazima ulingane na wa kile cha zamani. Gitaa langu lina urefu wa uzi wa milimita 650. Freti ya 5 iko milimita 163 kutoka kidaraja, ya 7 iko 216, ya 12 iko 325, katikati kabisa. Sogeza kidaraja milimita 2 tu na hizo alama zote zinakudanganya, na mpigaji wa mapajani hana msaada mwingine zaidi ya macho na sikio lake. Chuma kinasimama juu kabisa ya mstari wa freti. Si nyuma yake kama kidole kinavyofanya.

Pili, chuma kimenyooka, magitaa hayajanyooka. Ubao wa vidole una mgongo kidogo kama barabara ya lami, na vidaraja vyote viwili vimefuata mgongo huo. Ukilaza chuma juu yake nyuzi za katikati zinaguswa, za pembeni hazitoi kitu. Kwa hiyo nilichonga mifereji sita kwenye mpingo, ya nyuzi nene ikiwa mirefu zaidi, mpaka migongo ya nyuzi zote ikawa usawa mmoja. Chini nako nilitoa kile kipande cha daraja chenye upinde nikakata kingine kilichonyooka kutoka mfupa wa ng'ombe. Mwenye bucha aliniuliza mara mbili kama kweli sina mbwa. Kipande cha zamani kimo ndani ya bahasha, kimebandikwa ndani ya kasha la gitaa, ili siku yoyote lirudi lilivyokuwa kwa dakika 10. Hapo nilizitandaza pia nyuzi, kutoka milimita 36 hadi 42 kwa jumla, maana nyuzi zikisongamana mkono wa kulia unakanyagana.

Tatu ni tuni, na hapa nawasihi wenye gitaa moja wanisikilize. Wapiga dobro wa Marekani hupenda G B D G B D. Ni tamu, lakini uzi wa sita unapandishwa kutoka E hadi G na wa tano kutoka A hadi B, na kama nyuzi si zile zilizokusudiwa ama zitakatika ama shingo italalamika. Anza na D A D F# A D. Ukilinganisha na tuni ya kawaida, nyuzi mbili zinabaki zilivyo na nne zinashuka. Hakuna inayopanda. Ni lile wazo la Wahawaii la kulegeza, na gitaa la bei nafuu linalishukuru. Ukipiga wazi una kodi ya D. Chuma kwenye freti ya 5 una G, kwenye ya 7 una A. Benga nyingi na nyimbo nyingi za kanisani zinaishi ndani ya kodi hizo tatu. Nikapaka rangi nyeupe ubavuni kwenye 5, 7 na 12 kwa sababu ya macho ya mjomba.

Chuma chenyewe ni soketi ndefu, ile ya kufungulia plagi ya gari, kutoka sanduku la fundi wa Wote. Ina uzito wa kutosha, ni laini, haina kutu. Wenye pesa waagize za dukani. Mjomba aliishika, akaigeuza, akauliza kama gari limeharibika.

Dakika za kwanza hakuzipenda. Alitafuta mistari yake ya benga, ya haraka, na chuma kikamchelewesha kila mahali. Nilichokiandika hapo juu kuhusu mzee mwenye mkongojo nilikiona kwa macho yangu. Halafu akaacha kulitafuta gitaa la pili, akaanza kutafuta sauti ya mwimbaji. Hapo mambo yakabadilika. Waimbaji wa Kikamba hawatui juu ya noti moja kwa moja, wanaifikia kutoka chini, wanaitingisha, wanaiachia mwishoni ikidondoka. Freti haiwezi hilo. Chuma kinalifanya bila kuombwa. Alipiga ubeti mmoja wa wimbo wa zamani wa harusi na shangazi akaujibu kutoka jikoni kwa maneno yake. Kodi za huzuni hazipatikani kamili katika tuni hii, unapiga nyuzi mbili na kuacha sikio limalizie. Aliligundua hilo mwenyewe siku ya tatu, mimi nikiwa bado nachora jedwali.

Kwa hiyo ile sababu yangu ya kwanza, kwamba chuma hakina nafasi katika benga, naipunguza makali. Hakina nafasi kwenye gitaa la kwanza wala la pili. Nafasi ya kupokezana na mwimbaji ipo, wazi kabisa, na mtu wa kuijaribu si lazima awe Mkamba wala awe amekatwa na panga. Docteur Nico aliliona hilo kwenye rumba zaidi ya miaka 50 iliyopita.

Tatizo lililobaki ni sauti kuwa ndogo. Kanisani kwao kuna kinanda cha umeme na ngoma, na gitaa la mbao lililolazwa linarusha sauti yake darini. Wahawaii walikumbana na hilohilo kumbini, na ndiyo maana gitaa la umeme la kwanza kuuzwa kibiashara, lile la Rickenbacker la mwaka 1932 lililobuniwa na George Beauchamp, lilikuwa la mapajani: kipande cha aluminiamu kama kikaangio, sumaku mbili za umbo la kiatu cha farasi na koili chini ya nyuzi. Magitaa yote ya umeme ya Kakai na wenzake ni wajukuu wake. Mimi sikuwa na sumaku za namna hiyo. Nimetoa kisahani cha kengele ya mlango iliyoharibika, kile chembamba cha rangi ya shaba kinachotoa mlio, nikakibandika chini ya daraja kwa ndani, nikatoa waya hadi kwenye tundu la spika. Kinanasa vizuri. Kinanasa pia soketi inapogonga mbao, kwa hiyo kazi ya wiki hii ni kumtafutia mjomba kipande cha ngozi cha kuiwekea kati ya ubeti na ubeti.